Siku Niliyosema Simama

Harusi yangu watu wa Mtaa wa Swahili hawaitaji kwa jina langu wala la mke wangu, wanaiita harusi ya waliogongwa na upepo, na sina ubavu wa kubisha, maana lori letu halikugonga gari, halikugonga mti, halikugonga hata mbuzi, na bado tuliokotwa watu saba tunavuja damu. Aibu hiyo ninayo mpaka leo. Ila sitaibeba peke yangu, wenzangu nitawataja: Kipara dereva, na Hamisi Domo mpiga zumari. Wa tatu ni mimi.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa mchukuzi pale sokoni Kariakoo (shule niliikimbia darasa la pili, magunia hayaulizi cheti), na nilikuwa nimemposa Zena wa Magomeni. Baba yake alikwisha fariki, walii wake alikuwa ami yake, mzee Mbwana, mtu asiyenipenda hata kidogo. Harusi tulikwisha iahirisha mara mbili, mara kwa msiba, mara kwa homa yangu, na safari ya tatu mzee akaniambia mbele ya watu: "Nikishaswali alasiri nakaa barazani. Magharibi ikiadhiniwa hujafika, naingia ndani namwambia mtoto avue hina." (Hina haivuliwi, lakini nani amkosoe mkwe?)

Lori tuliazimwa na Mhindi mmoja muuza mbao anayekaa Upanga, mtu mwema, sharti lake moja tu, lisitoke kwenye lami. Sasa, desturi bwana harusi hukaa mbele na dereva. Hapo ndipo nilipokosea, kosa dogo kama punje ya mtama: nilitaka Kariakoo wanione. Kanzu mpya, joho la kuazima, kilemba kimekaa sawasawa, halafu nikajifiche ndani? Nikaipakia ngoma kubwa kwenye kiti changu, mimi nikapanda nyuma na wengine, nikasimama nimeshika bomba lililo nyuma ya paa la dereva kama gavana anakagua gwaride. Shangazi yangu, Bi Tatu, alikaa na wenzake kwenye mabenchi (hayakufungwa hata kwa kamba), akaniambia, "Shuka ukae mbele, mwanangu. Bwana harusi si bendera." Nikacheka.

Kukaribia Jangwani tukakuta barabara imemwagwa kokoto, magari yamepanga mstari, jua nalo limeinama. Kipara akatoa kichwa dirishani. "Bwana harusi, tungoje au tupite chini?" Moyoni nikamwona mzee Mbwana barazani kwake anatazama jua lilelile, nikasema, "Pita chini."

Chini ni bondeni, watu hulima mpunga wakati wa masika, na kiangazi matuta yake hukauka yakawa kama mawe. Lori likaanza kurukaruka, nyuma nyimbo, zumari, vigelegele, raha tupu, na mimi niliyesimama ndimi peke yangu niliyeona mbele kuna mfereji mpana umefichwa na majani. Nikalipiga paa kwa kiganja, nikapiga kelele, "Simama! Simama! Simama!"

Jamani, Kiswahili chetu kitamu, lakini siku ile kilinisaliti. Kipara hakusikia neno, alisikia paa linadundwa, akadhani tumenogewa, akaongeza mwendo (mwenyewe alikiri). Waliosikia ni wa nyuma. Hamisi Domo akachomoa zumari mdomoni, akawageukia wenzake: "Bwana harusi kasema tusimame! Inukeni, tumefika!" Na waungwana wale, kwa heshima yangu, wakasimama wote.

Lori likaingia mferejini, likatoka, likaendelea na safari yake. Sisi hatukuendelea nalo. Bi Tatu alipita juu ya ubao wa pembeni akaangukia mkono, kifundo kikavunjika. Hamisi aliacha meno mawili Jangwani. Mimi nilirushwa juu nikarudi kifua kwenye bomba, mtulinga, mfupa wa begani, ukalia ta!, na ulimi, ambao bado ulikuwa unasema "sima," ukakatwa na meno yangu mwenyewe. Ngoma kule mbele haikupata hata mkwaruzo.

Akaja askari na kitabu chake. "Mmegongana na nini?"

"Hatukugongana, afande," akasema Kipara.

"Basi mlipinduka."

"Hatukupinduka. Lori lile pale, linanguruma."

Askari akatutazama tulivyotapakaa vumbini. "Sasa hawa wamekuwaje?"

Bi Tatu akamjibu palepale chini alipo, "Andika tuliambiwa tusimame."

Hamisi na wengine wanne wakapata gari la kuwapeleka hospitali. Bi Tatu alikataa. "Mkono una siku nyingi za kuuma, harusi ina leo tu," akasema, akaufunga kwa kanga, akapanda lori tena, na tuliobaki tukalala chali sakafuni mpaka Magomeni.

Mzee Mbwana alikwisha simama, mkono mlangoni. Shehe akaniketisha haraka, akasoma, akanipa tamko. Nikafungua mdomo: "Ni-e-u-a-i."

"Hilo si tamko," akasema mzee Mbwana.

Shehe akanihurumia. "Kama ulimi umeumia, andika, baba, inatosha."

Niandike! Mimi wa darasa la pili! Nje jua halionekani tena, nami nikaona Zena ananiponyoka hivihivi, ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, na siku hiyo biharusi hata kukohoa hakohoi: "Ami, mpeni maji asukutue aseme tena. Mimi sina haraka."

Watu wakaangua kicheko. Nikasukutua, nikatema damu, nikavuta pumzi, kila herufi inachoma kama pilipili: "Nime-kubali."

"Alhamdulillahi," akasema shehe, na adhana ikaanza. Mzee Mbwana hakutabasamu, ila alinipiga bega kunipongeza, bega lilelile, nikapiga ukelele wa mtaa mzima. Akanitazama. "Sauti hiyo ulikuwa umeificha wapi?"

Mtulinga umeunga upande, na Bi Tatu anasonga ugali kwa mkono uleule. Kipara nimemsamehe nusu, Hamisi bado. Nami nimeapa nyuma ya lori sisimami tena, hata nikiwa na kilemba cha dhahabu, na nikiona shimo dereva namwambia "funga breki," wenzangu nawaambia "kaeni." Na Zena akiniambia neno nyumbani, nakubali mara ya kwanza.