Mama Gift, bosi wa magari ya amani, akutwa na mkwe chini ya fuso

Mvua ya Kiwira imeanza tena, ile nyembamba isiyojua kukata. Chini ya fuso lililosheheni ndizi inaonekana miguu miwili tu, yenye buti nzito za kazi. Mwenye miguu amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, tochi mkononi, anapapasa breki za nyuma.

Mara anazima tochi.

"Mwandishi," ananong'ona, "hebu niangalizie. Huyo aliyeshuka mlango wa abiria kavaa kofia gani?"

Kofia ya sufu, ya kahawia. Na ana fimbo.

"Mungu wangu! Baba mkwe huyo. Nimekwisha leo."

Anayejibana chini ya gari ni Pudensiana, mwenye umri wa miaka 43, mzaliwa wa Lupepo. Hapa wengi humwita Mama Gift. Kazini kwake humwita bosi. Ni msimamizi wa karakana ya magari makubwa katika misheni ya kulinda amani, kwenye nchi ambayo ameomba isitajwe. Ana mafundi 22 chini yake, kutoka mataifa tisa, na hutengeneza malori, magreda, magari ya maji na hata magari ya deraya.

Yuko nyumbani kwa likizo ya mwezi mmoja. Mumewe, Lugano, ni mwalimu mjini Tukuyu. Gereji hii ni ya Yona, aliyesoma naye chuo cha ufundi Mbeya.

"Nikikaa nyumbani siku mbili mikono inaniwasha," anasema. "Nakuja kwa Yona kuchafuka kidogo, roho inatulia."

Huko misheni ana utaratibu wake. Gari likishindwa ukaguzi, hufunga kitambaa chekundu kwenye usukani na ufunguo unaingia mfukoni mwake. Hakuna mjadala. "Kanali mmoja alinijia juu, ana msafara. Nikamwambia, mkuu, leo utapanda gari la wenzako. Alininunia wiki nzima, lakini alipanda."

Sasa bosi huyo hathubutu kutoa hata kichwa. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Mkamwana hataji jina la mkwewe, hali naye, hasemi naye. Desturi hiyo huitwa kutila. Familia nyingi zimeshaacha, na makanisani watu hukaa pamoja bila shida, lakini kwa baba yake Lugano, Mzee Ambindwile wa Masoko, mwenye fuso hili, jambo hilo halijaguswa.

"Miaka kumi na minane ya ndoa," anasema Mama Gift. "Sura yake naijua kwa picha ya ukutani. Nikisikia kikohozi chake tu, natoka mlango wa jikoni, huyoo, kwenye migomba. Gari nilijua ni lake. Sikujua kama na yeye yumo."

Kwa kawaida dereva, Ezron, huja peke yake. Leo mzee amepanda, anakwenda Uyole kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yake, na ndizi zinakwenda soko la Mbeya. Ezron alisimama hapa kwa sababu breki zinavuta upande mmoja.

Na fundi ameshaona sababu. Ngoma ya breki ya nyuma ina ufa, na mpira wa upepo umechanika. Mbele kuna mteremko wa kushuka Igawilo.

"Yona, mwambie," ananong'ona.

Yona anafikicha mikono kwa kitambaa. "Mimi? Mzee ni mteja wangu mkubwa. Umeliona wewe, mama, sema wewe."

"Ezron, basi!"

Ezron anazunguka, anakohoa. "Mzee, fundi anasema gari lisiondoke."

"Fundi gani anasema akiwa ardhini?" mzee anauliza. "Atoke aseme. Ndizi zinaiva hizi!"

Ezron anajikuna kichwa. Anamjua aliye chini na hathubutu kumtaja. Yona anamtazama mwandishi. Mwandishi, ambaye alikuja kuandika habari za amani ya mataifa, hajui amtazame nani.

"Kichwa kilivurugika," Mama Gift atasimulia baadaye. "Kule ningeshachukua ufunguo. Hapa, nikitoka nimemvunjia heshima baba wa mume wangu mbele za watu. Nikikaa, nimemuua. Niliogopa, jamani. Sijaogopa hivyo hata kule kwenye risasi."

Mzee anaagiza gari liwashwe. Ezron anashika mlango, anauachia, anaushika tena.

Kunasikika spana ikigonga chuma, ngo, ngo, ngo! Mama Gift anaponyoka upande wa pili, kitenge kimemfunika kichwa chote, anachuchumaa nyuma ya tairi. Halafu anasema kwa sauti, akiliangalia tairi:

"Wewe tairi, mwambie baba leo hutoki. Ngoma imepasuka. Ukishuka Igawilo na mzigo huu, kesho Masoko ni kilio."

Mzee Ambindwile anaitambua sauti, maana ameisikia miaka yote ikitokea jikoni. Anageuka upesi, analipa gari mgongo, anavuta kofia hadi kwenye nyusi.

Mvua tu.

"Tairi," mzee anasema, akiangalia barabara, "muulize, ufa wenyewe mkubwa?"

"Tairi, mwambie baba, kucha inaingia."

"Mwambie ndizi zinaiva."

"Mwambie baba, tutauza mbivu."

Mtu anacheka, anazibwa mdomo. Mzee anagonga fimbo chini. "Ezron! Lipe tairi ufunguo."

Ezron anauweka ufunguo juu ya tairi, taratibu, kana kwamba litaudaka. Mzee anaondoka na bodaboda kuelekea Uyole bila kugeuka nyuma.

Kesho yake, kutoka kwa mzee huko Masoko, Mama Gift analetewa kuku jike mweupe, bila maelezo. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza upya. Mama mkwe anasema kuku huyo ni ruhusa, kutila kumeisha. Shangazi wa mume, Anyitike, anasema ni karipio, na arudishwe akiwa na mwenzake. Mwalimu Lugano anasema labda ni kuku tu.

"Sijui nimchinje au nimlilie," anasema Mama Gift. "Nimemfunga kwenye mgomba. Na sasa ameanza kutaga, shida juu ya shida."

Jumamosi fuso lipo tayari, ngoma mpya, mpira mpya. Mzee amelifuata mwenyewe. Anasimama palepale, mgongo kwa gari, na Mama Gift anachuchumaa palepale, kitenge kichwani. Amemwachia Ezron kitambaa chekundu na siku tatu za mafunzo ya kusikiliza breki. Alhamisi anarudi misheni. Mpango wake, anasema, ni kwamba likizo ijayo aingie Masoko kwa mlango wa mbele, kama kufikia hapo kuna atakayekuwa amemweleza maana ya kuku.

Ezron anawasha. Mzee hapandi.

"Tairi," anasema, "muulize. Huko kwa watu wa vita, gari lake yeye hukaguliwa na nani?"

Mama Gift anajifuta macho kwa pindo la kitenge, na grisi inampaka shavuni. Miaka sita anakagua magari ya watu, atasema baadaye, na hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.

"Tairi, mwambie baba, nalikagua mwenyewe."

Mzee anapanda, anafunga mlango, anashusha kioo upande wa barabara.

"Basi mwambie alikague mara mbili."