Mlinzi wa Daraja Hakufa

Mimi ndiye niliyesema kwamba Mlinzi wa Daraja hakufa. Wengine waliongeza yao baadaye, lakini neno la kwanza lilitoka kinywani mwangu, Jumapili moja baada ya misa, kwenye ukumbi wa video wa Kitshanga. Nalisema hapa mapema ili msomaji asije akanihurumia kabla hajajua.

Ukumbi wenyewe ulikuwa wa mbao, umeezekwa hema la plastiki, na jenereta ilinguruma nyuma yake. Tamthilia ilitoka Goma ndani ya flashi, nayo ilizungumza Kifaransa kitupu. Watu wengi pale walikisikia Kifaransa kama mvua juu ya mabati: walijua inanyesha, basi. Kwa hiyo mwenye ukumbi aliniomba, mimi mwalimu wa darasa la tano, nisimame kando ya kioo na kusimulia kwa Kiswahili. Shule yetu ilikuwa imefungwa, maana wakimbizi walikuwa wanalala madarasani. Nilikubali kwa sababu sikuwa na kazi, na pia kwa sababu napenda kusikilizwa. Darasani watoto hupiga kelele. Pale watu wazima walinyamaza kabisa nilipofungua mdomo.

Hadithi ilikuwa ya ufalme uliozingirwa na ukungu unaomeza watu. Palikuwa na Malkia, palikuwa na mto, na juu ya mto palikuwa na daraja moja tu. Aliyelilinda alikuwa mtu mrefu, mchache wa maneno, aliyekula chakula chake amesimama. Wote walimpenda, lakini dada yangu alimpenda kupita kiasi, nami nilijua sababu. Mume wake naye alikula amesimama. Tulimtania kwa hilo tangu siku ya mahari.

Shemeji yangu alikuwa anachimba kasiterite, madini ya bati, huko Walikale, ndani ya msitu. Siku moja risasi zililia kwenye machimbo, na wachimbaji wakakimbilia mtoni, mahali pa kuvukia juu ya gogo lenye utelezi. Yeye alibaki nyuma akiwashikia wenzake kamba ili wavuke. Walivuka wote. Wenzake walikuja hadi Kitshanga na koti lake, wakakaa kwenye viti vya wageni wameinamisha vichwa. Wakasema hawakumwona akianguka. Walichoona ni kwamba hakuvuka.

Mama yake, mtu wa msituni Walikale ambaye alikuwa amekuja kuishi karibu na mwanawe, alilia siku ile ile. Akaomba tufanye kama wafanyavyo kwao: mtu akipotea bila mwili, hukatwa kipande cha mgomba, kikavikwa nguo yake na kuzikwa, ndipo matanga yakakaliwa na mjane akawa huru. Dada yangu alisimama mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

“Mama, ni mugomba njo ilinioa?” alisema. “Sizike mugomba miye. Bwana yangu iko njiani.”

Wiki tatu baada ya hapo tukafika mwisho wa msimu wa tatu wa tamthilia. Mlinzi wa Daraja alibaki peke yake ili wengine wavuke. Mkuki ulimwingia, akaanguka ndani ya ukungu, na Malkia ng'ambo ya pili akapiga magoti. Alisema wazi, kwa Kifaransa ambacho mtoto wangu wa darasa la tano angekielewa, kwamba mtu yule amekufa kwa ajili yao. Nilifungua mdomo. Kwenye benchi la pili dada yangu alikuwa ameuma ncha ya kitenge chake.

“Amepotea kwa ajili yetu,” nikasema.

Neno moja tu nililibadilisha. Nilidhani ni huruma, na kwa siku chache nilijiona mtu mwema.

Kumbe nilikuwa nimewasha moto. Kabla ya msimu wa nne kufika, mwenye ukumbi aliwaruhusu watu waandike utabiri wao ukutani kwa makaa, na ambaye utabiri wake ungetimia angekaa benchi la mbele hadi mwisho wa tamthilia. Mbao zilijaa. Mwendesha pikipiki mmoja, mtu wa ubishi mwingi, aliandika kwamba ukungu hauui, unaweka tu, na msimu wa mwisho utawatapika wote. Mwingine alidai Malkia ndiye mama wa ukungu. Lakini aliyewashinda wote alikuwa dada yangu. Yeye ndiye aliyeona kwamba farasi wa Mlinzi alirudi na hatamu zimefungwa fundo. Mtu anayekufa, alisema, hana nafasi ya kufunga fundo. Lile fundo likawa habari ya mji. Watu walimfuata sokoni, kwenye meza yake ya maharage, wakamwuliza hiki kinamaanisha nini na kile kinamaanisha nini. Naye aliyeacha shule darasa la tatu akawaeleza bila kusita, huku akichagua mawe ndani ya maharage. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu lile koti lifike, na sasa alicheka.

Nami nikaulisha ule moto. Malkia aliposema “tangu alipokufa”, nilisema “tangu alipopotea”. Walipoonyesha kaburi lenye kofia yake ya chuma juu, nilisema ni kaburi la baba yake. Yule wa pikipiki alinifuata nje siku hiyo.

“Madame, ule mwanamuke alisema ‘mort’. Hata miye najua ‘mort’.”

Nilimwangalia kwa lile jicho ninalowapa watoto wasiofanya kazi ya nyumbani. Nikamwambia kwamba katika Kifaransa cha wafalme wa zamani, mtu aliye mbali huitwa mfu pia. Akanishukuru. Akarudi ndani, akaliandika na hilo ukutani. Sijawahi kuona aibu kama ile, lakini sikufuta.

Msimu wa mwisho ulichelewa sana, na vita havikuchelewa. Milio ilianza kusikika kutoka vilimani, kwanza mbali, halafu karibu, na watu wakaanza kupita barabarani na magodoro kichwani wakielekea kambi ya Kashuga. Nilimsihi dada yangu twende. Alikataa. Ile nyumba ya kupanga tuliyokaa sisi wawili ndiyo mume wake aliyoijua. Akirudi akute wageni, atamtafuta wapi? Nilipiga kelele, nikatukana hata kuta. Mwishowe alinipa ahadi, na ahadi ile ndiyo niliyoishikilia miezi yote ile.

“Tungojee saison ya mwisho,” alisema. “Mulinzi akirudi, nitajua na wangu anarudi, na sitoke hapa. Kama hakurudi, nitazika ule mugomba ya mama, na tutaenda.”

Sikumcheka. Mtu ambaye hana barua, hajapigiwa simu, hana kaburi, atasoma dalili zake popote zilipo. Nilianza kuuomba msimu ule kama watu wanavyoomba mvua, kwa sababu nilijua Mlinzi hatarudi, na asiporudi dada yangu atapona.

Siku chache kabla flashi haijafika, mama mkwe wake alifunga mzigo kwenda Kashuga. Alipita kuniaga, akanishika mkono mlangoni.

“Mutoto yangu, weye njo anakusikiaka. Umwambie: mwana wangu alikufa. Umwambie vizuri, lakini umwambie.”

Nikasema nitamwambia. Dada yangu alikuwa uani anaanua nguo. Alituona, akaendelea kuanua.

Mwenye ukumbi alionyesha msimu mzima kwa siku tatu, mchana, kwa haraka, maana na yeye alitaka kukimbia. Nusu ya mabenchi yalikuwa yameshapakiwa kwenye lori. Tuliobaki tulikuwa wachache, na kila mlio ulipokuwa mkubwa tuliangaliana, kisha tukarudisha macho kwenye kioo. Kwenye sehemu ya mwisho kabisa, mto ulikauka. Malkia alishuka na kutembea kwenye mchanga, akafika chini ya daraja. Pale palikuwa na vazi la chuma lililojaa tope, na ndani yake mifupa.

Hakusema neno. Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema ni adui, ni baba yake, ni mtu tusiyemjua, nao wangeniamini, maana walikuwa wameniamini miaka yote. Lakini nilifikiria ile barabara ya Kashuga na jinsi ilivyokuwa bado wazi siku hiyo.

“Ni yeye,” nikasema. “Alikufa siku ile ile ya daraja. Mimi niliwadanganya.”

Hakuna aliyenipigia kelele, ingawa nilikuwa nimejiandaa. Yule wa pikipiki aliinuka, akaenda ukutani na kusugua utabiri wake kwa mkono wa koti mpaka ubao ukabaki mweusi. Kisha akatoka. Dada yangu alikaa mpaka jenereta ikazimwa.

Tulitembea hadi nyumbani. Nilikuwa nangoja alie. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumbembeleza, hata nimeshafikiria nani atatupa kipande cha mgomba. Alipofika mlangoni alinigeukia, na uso wake ulikuwa mtulivu kabisa.

“Mama alikulipa nini?”

Nilimwuliza mama yupi.

“Niliwaona pale mulangoni. Miaka yote hii unasemaka alipotea. Unasema mbele ya watu, unaapa. Halafu mama anakushika mukono, na leo njo unasema alikufa. Siku moja tu ulisema uongo, mudogo yangu. Ni leo.”

“Yaya, dada yangu, uliona mifupa!”

“Niliona mifupa. Sikuona uso. Na ile fundo, nani aliifunga?”

Nilimweleza yote: Malkia alisema nini, kaburi lilikuwa la nani, kwa nini nilibadilisha neno. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuwa mwongo. Nilijisikia hivyo mwenyewe, nikisikia sauti yangu inapanda. Akanipa chakula, tukala. Akasema lile lililoonyeshwa si mwisho wenyewe, mwisho wenyewe wameuficha, utatoka.

Asubuhi mtaa mzima ulikuwa barabarani. Nilifunga vitu vyetu vyote, vyake na vyangu, kwenye mzigo mmoja, nikauweka mbele yake. Alikuwa amesimama mlangoni.

“Weye tangulia,” alisema. “Miye nafunga mulango, nitakufuata.”

Nilijua hatanifuata. Hapa nisijisafishe: ningeweza kumvuta, ningeweza kukaa chini na kungoja naye. Lakini nilikuwa nimekasirika. Nilikasirika kwa sababu nilisema kweli mara moja, nikaitwa mwongo. Nikabeba mzigo kichwani, nikaenda bila kumuaga, na nilipogeuka kwenye kona sikumwona tena kwa wingi wa watu. Hilo sijamwambia mtu yeyote hapa kambini.

Kashuga nilipewa nafasi ya turubai kando ya shamba la viazi. Nilipofungua mzigo nikakuta nguo zake zote, na kile kitenge alichokuwa akikiuma kwenye benchi la pili. Simu yake haikuita. Nikauliza kila aliyefika kutoka Kitshanga, na wote walitikisa vichwa, mpaka alipofika yule wa pikipiki, bila pikipiki. Nilidhani atanipita. Akasimama.

“Nilipita kwenu, Madame, siku ya mwisho. Mulango ilikuwa imefungwa.”

“Kwa ndani?”

“Hapana. Kufuli ilikuwa inje.”

Tangu siku hiyo sina kitu kingine kichwani. Kufuli ikiwa nje, basi aliyeifunga alikuwa nje. Mwizi hafungi kufuli. Askari hafungi kufuli. Aliifunga mwenyewe, akautia ufunguo kifuani kama kawaida yake, akaondoka kwa miguu yake. Labda alifuata njia ya Bihambwe, kwa shangazi yetu. Labda alienda Walikale kumtafuta mume wake kwenye ule mto, na huko hakuna mtandao, kwa hiyo ni kawaida asipige. Yule wa pikipiki huja jioni, tunakaa kwenye mawe ya jikoni, naye ana yake: kwamba alipanda lori la mwenye ukumbi. Nilimbishia kwa sababu lori lilitangulia. Akasema lilirudi mara ya pili. Nimekuwa nikilifikiria hilo lori. Najua ninachofanya. Mimi ni mwalimu, nakijua kitu hiki kinaitwaje, na bado kila asubuhi nakianza upya.

Jana mama mkwe wa dada yangu alikuja. Ameshamzika mwanawe mwenyewe, hapa hapa Kashuga, kipande cha mgomba kilichovikwa lile koti nililompa kutoka kwenye mzigo. Amenyoa, na uso wake umetulia. Alikuja na panga na kipande kingine, kimekatwa vizuri, urefu wa mtu. Akakilaza mbele ya turubai langu taratibu, akakaa kando yake.

“Mutoto yangu, imepita muda mingi,” alisema. “Tumulaze na yeye. Kikwembe yake iko kwako. Lete, tumufunike.”

Nilikuwa na kile kitenge mapajani. Nilitaka kusema ndiyo. Naapa nilitaka, nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa.

“Mama,” nikasema, “kufuli ilikuwa nje.”

Aliniangalia, akakiangalia kile kipande cha mgomba, akaniangalia tena.

“Sasa na weye,” alisema.

Nilikikunja kile kitenge mara nne, nikakiweka chini, nikakikalia.