Muuza maji wa Ikutha afundisha punda kumsahau ili akaone ndege za jeshi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua linaanza kugusa mchanga wa mto uliokauka nje ya soko la Ikutha, Kaunti ya Kitui. Mwongeli Kyule, 36, anaondoa matawi ya miiba yaliyofunika kisima chake, anapiga magoti na kuanza kuchota kwa kikombe. Hana haraka. Maji ya mchangani ukiyavamia yanachafuka, nawe utangoja upya.

Mitungi kumi na miwili ikijaa, anaifunga juu ya punda wake watatu, minne kila mmoja. Kwa kawaida angeanza safari. Leo anampa fimbo wifi yake, Kaluki, kisha anarudi nyuma hatua kadhaa.

"Haya, ni wako," anasema.

Kaluki anapiga mluzi. Anatikisa fimbo. Anamwita Kavaluku, punda wa mbele, aliyepewa jina la sungura kwa Kikamba. Kavaluku anageuza masikio tu, miguu inabaki palepale.

"Huyu mlimwita sungura kwa nini?" Kaluki anauliza.

"Alikuwa mwepesi akiwa mdogo. Hata wewe ulikuwa."

Wanacheka, ingawa leo ni Jumatano na siku zimekwisha. Jumamosi kuna maonyesho ya ndege za jeshi jijini Nairobi. Ndunge, mdogo wake Mwongeli, ni fundi wa helikopta katika jeshi la wanahewa, na atasimama kando ya mashine akiwaeleza wageni jinsi inavyofanya kazi. Mwongeli hajawahi kumwona akiwa kazini.

"Amenialika mara mbili, na mara mbili nimeshindwa," anasema. "Jumamosi ndiyo soko letu. Na hawa punda hawajawahi kwenda na mtu mwingine."

Mzee Muindi, mwenye hoteli sokoni, ni mteja wake mkubwa. Hafichi msimamo wake.

"Mimi simkatazi kwenda. Lakini chai haingoji ndege itue. Maji yasipofika saa mbili, nanunua yale yanayoletwa na trakta. Na nikizoea ya trakta, sirudi nyuma."

Mwongeli aliacha masomo baada ya darasa la nane, mama yao alipougua. Siku ya kawaida huuza mitungi thelathini na sita, kila mmoja shilingi ishirini, na siku ya soko huongeza safari mbili. Maji hayo ndiyo yaliyomsomesha Ndunge hadi kidato cha nne.

Kisimani, Kaluki amejaribu kusukuma, kubembeleza, hata kuvaa koti la Mwongeli. Punda wamesimama kama wamepandwa. Mwongeli anaketi juu ya jiwe kungoja na, bila kufikiri, anaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa kwaya ya kanisa lao, ule wanaoufanyia mazoezi mwezi huu. Kavaluku anainua mguu. Wenzake wanamfuata.

Anaponyamaza, wanasimama.

"Miaka kumi nimedhani naimba kwa sababu njia ni ndefu," anasema taratibu. "Kumbe wao ndio wanangoja nianze."

Kaluki anashika kiuno. "Basi hiyo safari yako imekufa, wifi. Sauti yangu mimi ni ya kufukuza nyani kwenye mahindi."

"Imba tu. Punda si mwalimu wa kwaya."

Kaluki anakohoa, anaanza. Wimbo unatoka umepinda, maneno mengine ameyatunga mwenyewe, na wanawake wa visima vya jirani wanaacha kuchota ili wacheke vizuri. Kavaluku anasikiliza kwa muda mrefu. Halafu anaondoka.

Kaluki anafika sokoni sauti imemkauka, lakini pipa la Mzee Muindi linajaa kabla ya saa mbili.

"Leo umeniletea kwaya gani hii?" mzee anamuuliza.

"Ya Jumamosi, mzee. Izoee."

Mwongeli alikuwa akiwafuata kwa mbali. "Nilifurahi kuona wanaenda," anasema. "Ila hakuna hata mmoja aliyegeuka kuniangalia. Hiyo nayo iliniuma kidogo."

Kesho Kaluki atarudia peke yake. Ijumaa Mwongeli atapanda basi kupitia Kibwezi, alale kwa binamu yake huko Mlolongo, karibu na Nairobi. Amepiga pasi nguo na kumwomba kiongozi wa kwaya ruhusa ya kukosa mazoezi. Mtu mmoja tu hajaambiwa: Ndunge. Baada ya ahadi mbili kuvunjika, Mwongeli hataki kutoa ya tatu.

"Nitapanga foleni kama mgeni yeyote," anasema. "Nikifika mbele yake nitamwangalia vizuri kwanza, na hizo nguo zake za kazi. Halafu nitamuuliza, 'Afande, hii mashine yako inakunywa mitungi mingapi?'"