Mpiga Picha Aliyetaka Kutupima

Binti yangu mkubwa alipoolewa, kwenye picha nilitoka giza tupu lililofunga kilemba. Nyuma ziwa linang'aa, mimi sina macho wala pua. Kwa hiyo alipoolewa mdogo wake nikaapa, safari hii sura yangu itokee, nimpelekee dada yangu Ukerewe aone kwa uzuri bado nalipa kuliko yeye.

Mpiga picha alikuwa jamaa wa Nyamagana mwenye kamera mpya ya Dubai. Ndiyo miaka ile vitu vya Dubai vinamwagika madukani. Tukapanda kwenye mawe ya ziwani, mkanda umebaki picha moja. Jamaa akamsogelea bwana harusi, anaongea puani kama mtangazaji wa mpira: "Braza, tulia hapo, nakupima kwanza."

Shangazi wa bwana harusi, mama wa Musoma, mweupe, mnene, akaja mbele na ile sauti yake ya kufukuza mbuzi. "Kijana wetu arishapimwa. Hospitari. Majibu mchungaji anayo."

Si unajua, miaka ile ukisikia kupima ni damu tu. Bwana harusi jasho linamtoka, binti yangu anamwangalia kwa jicho la pembeni.

Jamaa akaeleza kwamba anapima mwanga. Kamera ina kitufe: ukikiweka huku inapima pote, na ziwa lile linavyowaka, watu mtatoka weusi ila maua ya gauni yataonekana. Ukikiweka kule inapima pale tu unapolenga. Ukilenga uso, sura zinatoka, maua yanapotea.

Gauni walinunua wao, upande wa bwana harusi. Shangazi akasema papimwe pote, watu waone maua. Mimi nikasema uso. Tukavutana mpaka bibi harusi akavua viatu.

Nikamwambia shangazi taratibu, "Mkwe, na wewe umo humo. Musoma watajuaje ni wewe?"

Akanyoosha kilemba. "Pima uso," akasema. "Wangu."

Jamaa akalenga uso wake. Picha ilipotoka, gauni jeupe kama maziwa, maua hakuna, shangazi anameremeta mpaka mwanya. Mimi na weusi wangu, kwa mbali, kama mtu aliyechungulia dirishani usiku.

Nikaipeleka Ukerewe hivyo hivyo. Dada yangu, macho yake yameanza kwisha, akaweka kidole kwenye sura ya shangazi, akavuta maneno kama anavuta nyavu: "Weeewe. Mjini mtu anakuwa mweupe hivi?"

Nikamwambia ni maji ya bomba.