Ijumaa Niliyoifuata Mvua Kusini mwa Jeddah

Kilichonitoa ndani ni matope. Msimu wa baridi, wingu likijikunja juu ya milima, familia ninayoifanyia kazi hapa Jeddah hupakia mazulia, birika na watoto garini na kuifuata mvua huko jangwani. Watu wa huku ndivyo walivyo, mvua kwao ni mgeni wa kwenda kupokewa njiani. Mimi huachwa na pasi nikinyoosha nguo. Wakirudi wamelowa na kucheka, madam hunikabidhi viatu nivisugue. Mara ya mwisho nilikuwa nimepiga magoti bafuni nikikwangua matope mekundu kama ya kwetu Makueni, nikasema hapana. Siwezi kuendelea kuosha mvua ambayo sijaiona.

Nilikuwa na Ijumaa moja kwa mwezi, niliyoipigania karibu mwaka mzima. Madam aliitoa shingo upande, na sharti juu yake: niwe ndani kabla ya adhana ya Magharibi. Nikichelewa hata mara moja, Ijumaa basi. Nilikubali kwa sababu ndiyo siku pekee ninayoitwa kwa jina langu, Mueni.

Asubuhi nilimkuta Zuhura chumbani kwake mtaa wa Baghdadiya. Zuhura ni rafiki yangu kutoka Likoni, anasafisha ofisi. Barasa, dereva wa Bungoma ambaye bosi wake humwachia gari dogo kila Ijumaa, alikuwa anangoja chini. Wote walidhani tunakwenda ufukweni kula aiskrimu kama kawaida.

"Leo tunafuata mvua," nikawaambia. "Huko kusini, njia ya Al-Lith."

Barasa akacheka. "Sister, hiyo ni hobby ya watu wa Land Cruiser. Sisi tutaenda kama nani?"

"Mvua haina kafili wa kutushikia pasipoti. Haitatuuliza kibali cha ikama."

"Mpeleke, bwana," akasema Zuhura, "asije akatununia kutwa nzima."

Saa nne tulikuwa barabara kuu ya kusini, bahari kulia, milima kushoto. Barasa aliweka simu mbele yake, ramani ya mawingu imewaka rangi, akawa anatuzungusha kila rangi inapohama. Tulikimbilia wingu la kwanza, tukakuta vumbi. La pili likatuacha tukiwa kituo cha mafuta. Zuhura alikwenda kuswali, akarudi na akili kuliko ile simu.

"We Barasa, achana na hiyo ramani. Hebu fuata magari yenye kuni na mazulia. Wenyewe wanaijua mvua yao."

Tukayafuata. Yaliiacha barabara kuu yakaelekea milimani, yakavuka wadi kavu, mkondo wa mto usio na maji, mchanga mtupu ambapo watoto walikuwa wakipiga mpira. Ng'ambo ya pili magari yalikuwa yamejipanga uwandani, vikapu vimeshushwa, watu wameketi wakitazama juu. Mbele yetu anga lilikuwa jeusi tii.

Mzee mmoja aliyekuwa na wanawe alitupungia mkono. "Karibuni, karibuni kahawa." Alituuliza tumetoka wapi, nikamwambia Kenya.

"Mafi mvua kwenu? Hakuna?" akauliza kwa mshangao.

"Kwetu ipo, baba, lakini inatusahau kama inavyowasahau nyinyi."

Akatingisha kichwa kama mtu aliyekutana na jirani. Akatuambia tuombe ikianza, maana dua ya kwenye mvua haipotei.

Ulitangulia upepo wenye mchanga, kisha radi, kisha ikaanguka, nzito na baridi, ikichanganyika na mawe madogo ya barafu yaliyotufinya mabegani. Watu waliinua mikono. Zuhura alikimbilia garini. Mimi nilisimama pale na abaya yangu imenigandama mwilini, nikalia kwa sauti na sikuona haya. Sikuomba chochote. Nilifurahi tu, na nilikuwa na hasira kwamba furaha ya bure kama ile nilikuwa nimenyimwa muda wote huo.

Alasiri tukageuza. Ile wadi ya watoto wa mpira ilikuwa imekuwa mto, maji ya hudhurungi yakipita juu ya lami na kubeba matawi. Magari yalisimama pande zote mbili. Vijana wawili wenye pikapu ya magurudumu makubwa walijitosa wakavuka, watu wakiwapigia makofi.

Barasa aliangalia saa, akaniangalia. "Tukingoja, Ijumaa yako imeenda. Wacha nipite nyuma ya ile pikapu."

"Usipite."

"Sister, ni kwa ajili yako."

"Ndiyo maana nakwambia usipite."

Akaingiza gia. Nikafungua mlango, nikashuka, nikaenda kusimama mbele ya gari lake huku maji yakinifika vifundoni. Zuhura akamwambia, "Zima gari, mtoto wa watu." Akazima.

Nilimpigia madam palepale. Nikamweleza kuhusu wadi na kwamba nitachelewa.

"Nilikwambia kabla ya Magharibi," akasema. "Ukichelewa, halas, imekwisha. Mafi Ijumaa."

"Nitachelewa, madam. Na mwezi ujao nitatoka."

Akakata simu. Adhana ya Magharibi ilitukuta palepale, mzee wa kahawa akatuletea tende, tukala tukitazama maji yakipungua. Barasa hakuninunia. Alisema tu kwamba kwao Bungoma wanawake wanaosimama mbele ya gari huwa wamebeba mawe.

Niliifuata mvua ile nikidhani naenda kulowa kama wenzangu. Nilichorudi nacho ni hiki: sharti la Magharibi lilikuwa karibu litutumbukize watatu majini, na anayeweza kunifikisha hapo kwa neno moja hapaswi kuachiwa siku yangu mkononi.

Mwezi uliofuata, Ijumaa asubuhi, nilimaliza vyombo, nikavaa abaya, nikaenda getini. Madam alikuwa amesimama hapo na ufunguo.

"Nilisema mafi Ijumaa."

"Nilikusikia, madam."

Nikanyoosha mkono kuupokea. Hakuutoa. Mimi nami sikuushusha mkono. Watoto walitoka kutazama, chai ikapoa mezani, na tulikuwa bado tumesimama vile vile.

Mwishowe aliuweka ufunguo kiganjani mwangu, na haya nayaandika chumbani kwa Zuhura, Baghdadiya. Leo ni Ijumaa.