Nililikata Neno Katikati

Siku ile bado naisikia masikioni, mwanangu, na bado inaniudhi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa muuguzi kijana kutoka Bukavu, nikiishi huku ughaibuni, mtaa wa Evere. Mchumba wangu alikuwa Norwe, nami nikaomba kazi huko, kwenye nyumba ya wazee, ili tufunge ndoa. Kinorwe alinifundisha Papa Byamungu, mzee wa kwetu aliyekaa Norwe miaka mingi kabla ya kuhamia kwa binti yake, mtaa wa Koekelberg, mji huuhuu.

Mkuu wa nyumba ile, mama mmoja mpole, alinipigia simu kunihoji. Nikamwambia mimi ni sykepleier, yaani muuguzi. Akauliza swali ambalo ndani yake nilisikia “syk” tu. Nikadhani anauliza kuhusu kazi yangu, nikajibu kwa fahari kwamba ndiyo, tangu zamani, na naipenda sana. Akanitakia nafuu, akakata simu.

Wiki ilipopita kimya, nilikwenda kwa Papa kulalamika kwamba Wanorwe hawana adabu. Akaniambia nitamke neno lile. Nilipolitamka alivua miwani, akajisugua uso.

“Ma fille, binti yangu, nilikuambia mara ngapi? Ile ni neno moja. Unakaza mwanzoni, SY-kepleier, ingine yote inafuata polepole. Wewe unapumua katikati, alafu unakaza PLEI, sawa Kiswahili chetu. Syk peke yake ni mugonjwa, pleier ni mulezi. Donc umemwambia uko mulezi mugonjwa. Atakupa kitanda, hatakupa kazi.”

“Lakini Papa, angenielewa tu.”

“Akuelewe juu ya nini? Ni wewe unaomba kazi.”

Alinilazimisha kupiga simu palepale. Yule mama alicheka, akaniomba radhi, lakini nafasi alikuwa ameshampa mwingine. Mwishowe mchumba wangu aliacha kazi yake nzuri akanifuata huku, akaanza upya kwa kufagia ofisi za watu. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Sasa wewe unajifunza Kiholanzi, lugha inayounganisha maneno vilevile, na kila nikikusahihisha unaniambia “watanielewa.” Nimechoka kulisikia hilo, mwanangu. Sikiliza wenye lugha wanakaza wapi, rudia hata kama unachekwa, na anayekusahihisha usimnunie. Mungu akupe sikio jepesi, akupe na walimu wasiokuonea haya, na mlango utakaobisha ufunguliwe.