Mfuko Una Mwenyewe

Wifi yangu simpendi. Naliweka wazi mapema ili baadaye mtu asinitafutie maneno. Sikumpenda siku kaka yangu alipomleta nyumbani, wala sikumpenda alipoondoka kwenda kutafuta maisha kwenye nchi za baridi akamwacha mume na masufuria. Aliporudi na masanduku yake ya magurudumu ndipo nilipogundua kwamba kumbe nilikuwa bado sijaanza kumchukia. Wenzake hurudi na televisheni. Yeye alirudi na sheria za takataka.

Huko alianza kwa kufanya usafi katika nyumba ya wazee, halafu akapata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua taka. Kazi yenyewe ni kusimama mbele ya mkanda unaotembea, chupa zinapita, makopo yanapita, na wewe unachomoa kisichotakiwa. Lakini hadithi anayoipenda kuliko zote ni ya mfuko wake wa kwanza. Alichanganya maganda ya chakula na chupa, akautoa nje kama tunavyotoa sisi, na jioni aliporudi akaukuta mfuko unamsubiri mlangoni, umebandikwa stika nyekundu. Hakuna aliyemgombeza. Majirani walipita wakitazama mbele yao kana kwamba hawaoni kitu.

"Wifi, niliona aibu mpaka usingizi ukaniruka," hunisimulia. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu."

Mimi hujibu moyoni kwamba ulimwengu huo ungeendelea kukaa naye hukohuko.

Jengo letu lina ghorofa nne na ua mmoja, na nyuma ya ua palikuwa na jalala. Sitasema uongo, lilikuwa jalala la kutia aibu. Panya ulikutana nao ngazini na wewe ndiye uliyewapisha. Mimi nalea watoto wa watu. Mama zao wakienda kazini wananiachia asubuhi, wanawachukua jioni, na jengo zima limezoea kuniita Shangazi. Mvua ikinyesha, maji ya lile jalala yalifika mpaka chini ya ngazi, na watoto wangu wakaharisha kwa zamu. Kwa hiyo wifi alipomwendea mwenye nyumba kuomba apewe kazi ya kusimamia taka, hata mimi nilinyoosha mkono kukubali.

Akauleta utaratibu wa huko kama ulivyo, kama mtu anayevaa koti la mwenzake bila kulipeleka kwa fundi. Maganda na mabaki pipa lake, karatasi mahali pake, plastiki na makopo kwenye mfuko unaoonyesha ndani, na juu ya mfuko namba ya mlango wako kwa wino mzito. Kila asubuhi alikaa uani na glavu zake akifungua mfuko mmoja mmoja. Ukikosea, mfuko unapanda ngazi kurudi kwako na stika nyekundu. Watu wakampa jina, Bi Namba. Mzee wa ghorofa ya juu alimwuliza kama na maiti zetu zitachambuliwa. Mke wa kinyozi alimmwagia maji ya kufulia miguuni, eti kwa bahati mbaya. Bi Namba alikung'uta viatu, akaendelea kuhesabu vifuniko vya chupa.

Jalala likaisha na panya wakahama. Haya nayasema kwa kuwa ni kweli, si kwa kuwa napenda kuyasema.

Ila kuna kitu alikisahau kwenye sanduku. Huko mfuko unaonyesha ndani na hakuna anayetazama. Sisi hata mfuko mweusi uliofungwa mafundo mawili tunajua umebeba nini, sasa mtu anatuwekea kioo! Ngazi zikageuka gazeti. Tukajua nani anajidai hanywi na chupa zake zinagongana, nani anapaka mvi rangi, nani anayetamba kwamba kwake ni nyama kila siku kumbe ni makopo ya maharage. Watu walishuka uani na vikombe vya chai, wanapiga soga, macho yako kwenye mifuko. Na mimi nilikuwamo.

Halafu siku moja mfuko uliorudi ulikuwa wangu. Ndani yake mlikuwa na vipande vya zile karatasi ngumu za vidonge, za kubonyeza kwa kidole gumba, vimekatwa kwa mkasi kidonge kimoja kimoja. Nikapanda kwa wifi, ghorofa moja juu yangu, huku napumua moto.

"Hizi si zangu."

"Plastiki na bati vimegandana, hazichambuliki," akasema. "Zinarudishwa duka la dawa."

"Nimekwambia si zangu! Mimi hata dawa ya mafua simezi."

"Mfuko una namba yako, wifi."

Akafunga mlango. Mfuko ukarudi tena, ukarudi na tena, na kila ukirudi unapita mbele ya milango ya watu. Pale chini tuna muuza duka la dawa ambaye jengo zima linamwita Dokta, ingawa udaktari wake ni wa koti tu. Asubuhi moja akakiokota kipande kwa vidole viwili, akakisogeza puani kusoma maandishi, akatangaza mbele ya akina mama walioniletea watoto:

"Hizi ni dawa za kichwa. Hupewa wagonjwa wa akili."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mama wa kwanza aliniambia bibi wa mtoto amekuja, atamlea yeye. Wa pili akasema mtoto anakohoa. Wa tatu hakuhangaika hata kutunga uongo, alimtuma mumewe kuchukua godoro dogo na kikombe. Kulea ndiyo kodi yangu, ndiyo sukari yangu, na tangu mume wangu afariki hizo kelele za watoto ndizo zinazoniamsha. Mwisho msimamizi wa jengo akabandika tangazo: Jumapili, kikao uani, kuamua kama Shangazi aruhusiwe kuendelea kulea watoto humu ndani. Wakati huo nilikuwa nimebaki na watoto wawili, mapacha wa muuza mitumba, na mama yao alikuwa ananitazama machoni kabla ya kuniachia.

Magoti yangu ni mabovu, kwa hiyo kaka alizoea kupita kwangu asubuhi kunishushia mfuko. Nilikuwa najivunia hilo. Mdogo wangu ni fundi friji, jitu la mabega, anabeba kompresa kama mkate, lakini hapiti mlangoni kwangu mikono mitupu. Siku mbili kabla ya kikao nilichungulia nimwongezee kopo nililosahau, nikamwona amesimama ngazini. Akatazama juu, akatazama chini, akatoa kitu mfukoni mwa shati, akakisukuma ndani ya mfuko wangu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimvuta ndani kwa kola.

"Ni wewe?"

Akakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kidevuni.

"Ilinianza mke wangu alipokuwa huko, Dada. Nasikia watu wananisema na chumbani niko peke yangu. Nikaenda hospitali, wakanipa vidonge. Nikivimeza niko sawa kabisa, we mwenyewe unaniona."

"Na mkeo?"

"Hajui. Akijua ataondoka tena, na safari hii harudi."

"Kwa hiyo bora waniondokee mimi watoto?"

Nilimtukana, nikamlilia, nikamkorogea chai. Mwisho nikamwambia, "Una mpaka Jumapili. Sema mwenyewe. Nikisema mimi hutanisamehe, na mimi sitajisamehe."

Jumapili walikuja wote, hata wasiokuwa na watoto, maana msiba wa jirani una viti vya bure. Mfuko wangu uliwekwa juu ya meza na stika yake. Dokta akaeleza dawa ile inatibu nini, akaongeza na yale isiyotibu. Mke wa kinyozi akasema hana ubaya na mimi, ila mtoto ni mtoto, siku mtu akipandwa na kichaa itakuwaje? Wakaitikia. Msimamizi akanigeukia.

"Shangazi, dawa ni zako au si zako?"

Mimi, ambaye nikikosa wa kugombana naye nagombana na mlango, nilisimama nikakosa neno. Nilimtazama kaka yangu kando ya ukuta. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nikangoja, nikangoja, na watu wananihesabia kimya changu kuwa ndiyo jibu.

"Basi," msimamizi akasema, "tumuulize anayeshughulika na mifuko. Mama, mfuko huu ni wa nani?"

Wifi akainuka. Alikuwa amevaa glavu zake, hata siku ile. Nikajua kwisha habari yangu.

"Mnataka tusome mifuko hadharani?" akauliza. "Haya, tusome. Ninaifungua yote. Najua nani humu anameza nini, nani anajidunga nini, na nani ana mgonjwa chumba cha ndani huku akituambia mtu huyo yuko safarini. Sijawahi kusema. Huko nilikokuwa nilifundishwa kuchambua na nilifundishwa kunyamaza. Hili la pili sikuwaletea, nilidhani mnalo. Dokta, umekuwa msomaji mzuri, nisaidie. Nianze na ghorofa gani?"

Dokta akakumbuka kwamba koti lake lina vifungo, akaanza kuvifunga. Mke wa kinyozi akamshika mumewe mkono. Kila mtu alikuwa anapekua mfuko wake kichwani.

"Anza na wetu," kaka yangu akasema.

Sauti ilikuwa ndogo kwa mwili ule. Akajitoa ukutani, akaja mpaka mezani.

"Dawa ni zangu. Dada hana ugonjwa wowote. Nilikuwa natupa kwake ili mke wangu asizione."

Nilidhani wifi atapiga kelele, au ataanguka. Alibandua stika nyekundu kwenye mfuko wangu taratibu ili isichanike. Akafuta namba yangu kwa kitambaa chenye spiriti, akaandika yao kwa ule wino wake mzito, akairudishia stika mahali pake.

"Nilijua tangu kipande cha kwanza," akamwambia. "Unakata vidonge kama unavyokata nyaya, pembe imelala upande mmoja. Nilikuwa nakungoja useme."

"Ulijua?" Ulimi wangu ukarudi, tena kwa nguvu. "Ulijua, na watoto wangu wanaondoka mmoja mmoja, na wewe unanipandishia mfuko? Kila siku?"

"Na wewe ulijua tangu lini, wifi?"

"Tangu Ijumaa!"

"Na leo ulikuwa umenyamaza kwa ajili ya nani?"

Nilimchukia pale kuliko siku zote, kwa sababu alikuwa amenisoma kama mfuko. Mama wa mapacha ndiye aliyekuja kusimama upande wangu, akanipa mtoto mmoja nimshike. Wengine walianza kukunja viti bila kusubiri msimamizi afunge kikao.

Wifi akavua glavu, akauinua mfuko, akaufunga fundo na kumwekea mumewe mikononi.

"Beba mfuko wako," akasema. "Twende nyumbani."

Wakapanda ngazi, yeye nyuma na kiganja kikiwa mgongoni kwa kaka yangu, na watu wakawapisha wakitazama mbele yao.